Maji ya Saio Yaenda Wapi?

Mvua ya Bunia haipigi hodi. Asubuhi jua huwaka vizuri, akina mama huanika nguo na mihogo. Ikifika saa nane mchana mawingu meusi yamekwisha kusimama juu ya vilima, upepo wavuma, na kabla mama hajamaliza kuanua, njia za mtaa wa Saio zimegeuka kuwa mito. Maji yateremka mekundu kama matofali yaliyosagwa. Yachukua kila kitu: majani ya migomba, maganda ya miwa, vifuko vya plastiki, na kandambili moja iliyopotelewa na mwenziwe.

Siku moja ya mvua ya namna hiyo tulikuwa tumejibanza barazani mwa duka dogo pamoja na wanafunzi waliotoka shule. Mmoja wao, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, aliifuata ile kandambili kwa macho mpaka ikapotea kwenye pembe ya njia. Kisha akauliza:

“Mwalimu, maji haya yaenda wapi?”

“Yaenda baharini, mwanangu.”

Watoto wote wakacheka. “Baharini! Sisi watu wa Ituri tuna shauri gani na bahari?”

Wakati huo mama mwenye duka alikuwa akimpimia mteja chumvi, na kwenye ubao nyuma yake yalipangwa makopo ya sardini kutoka Morocco. Chumvi na sardini mbele yetu, na bado tukauliza bahari inatuhusu nini! Mvua ikaisha, watoto wakaenda kwao. Lakini swali lile halikutuacha. Basi tukaazimia kuyafuata maji ya Saio: kwa miguu pale miguu ilipoweza, kwa gari pale barabara ilipopitika, na kwa ramani na vitabu pale ambapo mfuko wetu haukufika. Msomaji mpenzi, karibu tusafiri pamoja.

JINA LILILOTOKA MBALI

Kwanza tutazame hilo jina lenyewe. Saio si neno la Ituri. Ni jina la mji wa nyanda za magharibi za Ethiopia, ambao leo waitwa Dembi Dolo. Huko, mwezi wa Julai mwaka 1941, askari wa Kongo wa jeshi lililoitwa Force Publique walipokea silaha za majeshi ya Italia, nayo habari hiyo ikatangazwa kila mahali kwa fahari. Tangu hapo jina la Saio likajulikana katika Kongo yetu, na wakazi wa Bukavu nao wanayo kambi yao ya Saio.

Sasa angalia ajabu. Mvua inyeshayo Saio ya Ethiopia huteremka mpaka mto Baro, Baro ukawa Sobat, Sobat ukaingia Nili Nyeupe, na mwisho wake ni Bahari ya Kati, huko Misri. Mvua inyeshayo Saio ya Bunia huenda upande mwingine kabisa. Vijito vya mji wetu, kama Nyamukau na Ngezi, humwaga maji yao katika mto Shari. Shari huingia Ituri. Nao mto Ituri huelekea magharibi, kwenye msitu mkubwa, mpaka Bahari ya Atlantiki. Jina moja, bahari mbili.

Tena kuna jambo la tatu. Saruji, mafuta, nguo na makopo ya dukani kwetu, vingi huja kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, yaani Bahari ya Hindi, ambayo kwa mstari wa ndege iko kilometa 1,200 hivi kutoka hapa. Mdomo wa mto Kongo, kule Banana, uko mbali zaidi ya kilometa 2,000. Kwa hiyo twapokea mizigo kutoka bahari ya mashariki, na maji yetu twayatuma bahari ya magharibi. Anayesema kwamba Ituri haina shauri na bahari, na afikiri tena.

KUTOKA NYAMUKAU MPAKA BASOKO

Tulianza safari kwenye Nyamukau, asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Kijito hicho kingekuwa kizuri sana kama tungekiheshimu. Kingo zake zaliwa na maji, makorongo yasogea karibu na nyumba, na chupa tupu za plastiki zimejazana kwenye vichaka kama vifaranga waliokimbia mwewe. Mama mmoja aliyekuwa akifua alituambia, “Watu hutupa usiku, maji yachukua asubuhi, kila mtu aona mlango wake ni safi.” Maneno hayo tuliyaandika katika daftari letu, kwa maana hatujasikia maelezo mafupi zaidi ya shida hii.

Kutoka mjini tulikwenda kuutazama mto Shari. Mto huu ndio uendeshao mitambo ya umeme ya Budana, iliyojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Dhahabu ya Ituri iligunduliwa mwaka 1903, na tangu hapo mito yetu haikupata raha. Hata leo vijana wengi huchimba kingo, huosha mchanga kwenye karai na mifereji ya mbao, na tope lote hurudi mtoni. Tukikutana nao hatukuweza kuwalaumu kwa maneno mepesi. Wengi wao walipoteza mashamba wakati wa vita, nao wana watoto wa kulisha. Lakini mto haujui sababu. Wachukua tu kile ulichopewa.

Baada ya kuupokea Shari, Ituri waingia msituni. Huko, katika nchi ya Mambasa na Epulu, ndiko aishiko okapi, na Hifadhi ya Okapi iliyowekwa mwaka 1992 yalinda sehemu kubwa ya msitu huo. Maji ya vijito vya msituni si mekundu kama ya Saio, bali yana rangi ya chai kavu. Sababu yake ni majani. Mamilioni ya majani huanguka, huloweka na kuoza, rangi yake ikatoka kama majani ya chai katika birika. Kule Bomili mto Ituri wakutana na Nepoko, na kuanzia hapo jina lake ni Aruwimi. Wapita Banalia na Yambuya, kisha Basoko, nao huko waingia Kongo wenyewe.

Hivyo punda wa kwanza amekwisha kukabidhi mzigo kwa punda mkubwa. Kongo humwaga baharini mita za ujazo 40,000 hivi za maji kila sekunde; ni Amazon tu, katika mito yote ya dunia, inayoushinda. Mzigo huo una nini ndani yake? Una udongo, majani yaliyooza, chuma, fosfori, naitrojeni, na silika, yaani kitu kile kinachofanya mchanga na kioo. Kwetu ni uchafu wa maji. Huko mbele kuna viumbe wanaoungojea kama mtoto angojavyo uji.

MALISHO YA BAHARI

Wafugaji wa nyanda za juu za Ituri wajua sheria hii bila kuisoma kitabuni: pasipo majani hapana ng'ombe, na pasipo ng'ombe hapana maziwa. Baharini sheria ni hiyo hiyo. Lakini majani ya bahari yako wapi? Ukisimama pwani huoni shamba lolote, waona maji tu.

Malisho hayo yapo, ila ni madogo mno. Chota maji ya bahari kwa kijiko, weka tone chini ya hadubini, nawe utaona umati: mimea ya chembe moja tu, mingine ya mviringo, mingine kama vijiti, mingine kama mkufu wa shanga. Wataalamu huiita planktoni, neno lililobuniwa na Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887 kutokana na Kiyunani, maana yake vitu vinavyochukuliwa na maji huku na huko. Mwaka huo huo Stanley alikuwa akihangaika katika msitu wa Ituri akitafuta njia ya kufika Ziwa Albert. Alipita juu ya chakula cha bahari bila kujua.

Katika planktoni kuna mimea na wanyama. Mimea yake hufanya kazi kama ya mhindi shambani: hutwaa nuru ya jua, hewa na maji, ikajitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Ni midogo, lakini kwa wingi wake hufanya karibu nusu ya kazi yote ya namna hiyo duniani. Wanyama wadogo wa majini huila mimea hiyo. Dagaa na sardini hula wote wawili. Jodari na papa hula sardini. Nasi twafungua kopo.

Mimea mingine ya jamii hiyo, iitwayo dayatomu, hujijengea nyumba ya kioo. Kila chembe ina kisanduku chake chenye kifuniko, kimechorwa kwa nakshi nzuri kuliko mkeka wa mfumaji hodari. Kioo hicho chatoka wapi? Chatoka katika silika iliyoyeyushwa na mvua kwenye mawe ya nchi kavu na kuchukuliwa na mito. Kumbe jiwe la kilima cha Ituri, likila mvua kwa miaka mingi, laweza kuwa ukuta wa nyumba ya kiumbe kisichoonekana katika Atlantiki!

Wako na wafanyakazi wadogo zaidi: bakteria. Kila mililita moja ya maji ya juu ya bahari yaweza kuwa nao karibu milioni moja. Kazi yao ni kuozesha. Mzoga, jani, kinyesi, vyote huvivunja na kuvirudisha kuwa mbolea. Bila wao, bahari ingekuwa ghala iliyojaa mali ambayo hakuna awezaye kuifungua.

MAHALI MTO UNAPOINGIA BAHARINI

Hebu turudi kwenye mto wetu. Umepita Bumba, Lisala, Mbandaka. Umepumzika Kinshasa katika Pool Malebo. Umeruka maporomoko ya Inga. Umepita Matadi na Boma. Sasa uko Banana, karibu na Muanda. Pwani ya nchi yetu ni fupi, haifiki hata kilometa 50. Ni mlango mwembamba wa nyumba kubwa sana.

Kando ya mlango huo imesimama mikoko, miti ile yenye mizizi iliyoinuka juu ya tope kama miguu ya kaa. Mwaka 1992 serikali iliweka hapo hifadhi ya mikoko ya baharini. Katikati ya mizizi hiyo kamba na samaki wachanga hujificha na kukua. Tope la mto hukwama hapo, bakteria hulifanyia kazi, na chakula hupatikana kwa wote. Ndiyo shule ya watoto wachanga ya samaki wa pwani.

Maji matamu ya mto, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu ya bahari kama mafuta juu ya supu. Hapo mwanzo, karibu na mdomo, mimea ya planktoni haistawi sana ijapokuwa mbolea ni tele, kwa kuwa maji ni meusi na nuru haipenyi. Mbele kidogo tope latulia, nuru yaingia, mbolea bado ingaliko: hapo ndipo bahari huota majani. Ulimi huo wa maji ya Kongo huonekana mamia ya kilometa kutoka pwani.

Jambo moja limewashangaza hata mabingwa. Mimea ya bahari huhitaji chuma, kama vile damu yetu ihitajivyo chuma, lakini katikati ya bahari chuma ni haba mno. Mito mingi hupoteza chuma chake mara inapokutana na chumvi, chazama chini. Lakini mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba chuma kitokacho upande wa mdomo wa Kongo hufika mbali sana, hata kilometa 1,000 hivi ndani ya Atlantiki ya Kusini.

Tena si juu tu. Chini ya mdomo wa Kongo kuna korongo kubwa la baharini, linaloanzia ndani ya mto wenyewe na kuteremka mpaka kwenye vilindi vya mita 5,000 hivi. Mwezi wa Januari mwaka 2020, baada ya mafuriko makubwa ya Kongo, matope na mchanga yaliporomoka katika korongo hilo, yakasafiri zaidi ya kilometa 1,100 chini ya bahari kwa mwendo wa mita 5 mpaka 8 kila sekunde. Yakakata nyaya za simu na intaneti zilizolala huko, na watu wa nchi nyingi za Afrika wakajiuliza kwa nini simu zao zimekuwa nzito. Ni mto uliowajibu.

Na huko mwisho wa korongo, gizani, mahali ambapo jua halijaangaza kamwe, kuna wanyama wa jamii ya chaza. Hawana majani wala nuru. Ndani ya mashavu yao huishi bakteria watengenezao chakula kwa nguvu ya gesi inayotoka katika matope yanayooza. Na matope hayo yameletwa na mto Kongo. Jani la mti wa Ituri laweza kuzikwa huko.

UPANDE WA PILI WA KILIMA

Safari ya pili ilikuwa fupi kwa kilometa, ndefu kwa mawazo. Tulitoka Bunia, ambayo iko mita 1,275 hivi juu ya bahari, tukaelekea mashariki kwa barabara ya Kasenyi. Tulipita Bogoro. Mahali hapo, tarehe 24 Februari 2003, watu wengi waliuawa katika vita vya Ituri. Gari letu lote lilinyamaza, na hata dereva aliyekuwa akicheka tangu asubuhi alitoa kofia.

Hapo ndipo nchi inapokatika. Mbele yako bonde kubwa, na chini kabisa Ziwa Albert limelala kama bati jipya juani. Mvua inyeshayo nyuma yako yaenda Shari, Kongo, na Atlantiki. Mvua inyeshayo mbele ya vidole vyako yateremka ziwani, yaenda Nili, mpaka Bahari ya Kati. Matone mawili ya wingu moja, ndugu wa tumbo moja, huagana hapo na hayataonana tena mpaka yarudi mawinguni.

Kule Kasenyi tulikuta mitumbwi imepakuliwa, na akina mama wakipanga samaki wa kutia chumvi. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 5,300 hivi, na kina chake hakizidi sana mita 58. Lapokea maji ya Semliki yatokayo upande wa Ruwenzori, pamoja na Nili ya Viktoria kutoka Uganda. Mito hiyo huleta mbolea, planktoni hustawi, na samaki wadogo hula. Upande wa Uganda wavuvi huwaita wadogo hao muziri, nao huwavua usiku kwa taa. Wadogo huliwa na wakubwa, miongoni mwao yule kapiteni ambaye watu wa Bunia wampenda. Watu wa Ziwa Viktoria humwita sangara au mbuta. Huko alikuwa mgeni, aliyepelekwa miaka ya 1950, na wengi wa wazazi wake walitolewa katika ziwa letu hili.

Tulimwuliza mzee mmoja mvuvi kama amewahi kuona planktoni. Akatazama maji, akasema, “Sijui jina hilo. Lakini maji yakiwa na rangi ya kijani najua samaki wako karibu. Yakiwa meupe kama kioo, narudi nyumbani mapema.” Kumbe alikuwa mwanafunzi wa Hensen bila kusoma!

SOMO LA MISRI

Katika mlango wa Nili kuna somo ambalo lafaa kusomwa na watu wote walio juu ya mito. Tangu zamani, kila mwaka, gharika ya Nili ilishuka kutoka milima ya Ethiopia ikiwa imejaa udongo mweusi. Ilipoingia baharini mwezi wa Septemba na Oktoba, dayatomu zilichanua, sardini wakaja makundi kwa makundi, na wavuvi wa Misri wakajaza mashua zao. Mwaka 1962 walivua karibu tani 18,000 za sardini.

Kisha likajengwa bwawa kuu la Aswan. Mwaka 1964 maji yakaanza kuzuiwa, na mwaka 1970 kazi ikaisha. Bwawa hilo lilileta faida kubwa: umeme, maji ya kumwagilia mashamba, na kinga ya gharika na njaa. Hatupendi kulisema vibaya. Lakini udongo ulibaki nyuma ya ukuta, mbolea haikufika baharini, na dayatomu hazikuchanua tena. Kufikia mwaka 1968 wavuvi hawakupata hata tani 1,000 za sardini. Pwani ya Rosetta ikaanza kuliwa na mawimbi, kwa kuwa mto haukuleta tena udongo wa kuijenga.

Miaka ya 1980 samaki walianza kurudi. Ni nani aliyewalisha? Mbolea za viwandani kutoka mashambani, na maji machafu ya miji mikubwa ya Misri. Planktoni haiulizi mbolea imetoka wapi. Lakini mbolea ya namna hiyo ni kama pombe, kidogo huchangamsha na nyingi huua. Ikizidi, mimea hujaa kupita kiasi, ikafa. Bakteria wakaiozesha wakatumia oksijeni yote ya maji, na samaki wakakosa pumzi. Katika Ghuba ya Meksiko, mbele ya mdomo wa Mississippi, jambo hili hutokea kila mwaka wakati wa joto.

PWANI YA WASWAHILI

Ndugu zetu wa Bahari ya Hindi nao wanayo mifano yao. Karibu na Malindi, nchini Kenya, mto Sabaki huingia baharini ukiwa na rangi nyekundu. Watalaamu walitoboa tumbawe moja kubwa lililoishi hapo miaka 300 hivi. Matumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti, na kila tabaka hutunza alama za maji ya mwaka wake. Wakaona kwamba kuanzia miaka ya 1910 hivi, nchi za juu za Kenya zilipoanza kulimwa na kukatwa miti kwa wingi, alama za udongo ziliongezeka katika tumbawe. Mkulima alikata mti mamia ya kilometa kutoka pwani, na tumbawe likaandika. Udongo mwingi hulifunika tumbawe, ukalinyima nuru. Na pasipo tumbawe samaki wengi hukosa nyumba.

Nchini Tanzania, mlango wa Rufiji una hekta 50,000 hivi za mikoko, na ndiko waliko kamba mashuhuri. Wavuvi wa huko wajua kwamba mvua nzuri ya bara huleta kamba wengi. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa katika mto huo, ili kutoa umeme wa megawati 2,115. Nchi yahitaji umeme. Nasi twaomba tu kwamba wenye kufungua milango ya bwawa wakumbuke yaliyowapata wavuvi wa Misri, na kumpa mto ruhusa ya kupeleka baharini posho yake.

Basi udongo ukizidi ni msiba, ukikosekana ni msiba pia. Mto ulio na afya hupeleka kwa kipimo. Kazi ya kupima hufanywa na miti, na majani, na mabwawa ya asili, na vinamasi. Ndiyo maana Kongo, ijapokuwa ni mkubwa hivyo, hubeba udongo kidogo kuliko mito mingine ya ukubwa wake: msitu umeushika udongo kwa mizizi yake. Siku tutakapoufyeka msitu huo, kipimo kitavunjika.

NA SISI JE?

Tulirudi Saio jioni, miguu imechoka, tukaketi tena katika baraza ile ile. Watu wa mtaa walipenda kujua tumeona nini. Tukawaeleza. Baba mmoja akasema, “Bahari iko mbali. Tuambieni la hapa.”

Ni haki yake. Basi hili ni la hapa. Wachimbaji wengine wa dhahabu hutumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu. Zebaki inayomwagika huingia katika matope ya mto. Huko bakteria, wale wale wafanyakazi hodari tuliowasifu, huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Planktoni huipokea kidogo, samaki mdogo hula planktoni nyingi, samaki mkubwa hula wadogo wengi, na kila ngazi sumu huzidi. Mwisho wa ngazi ni sahani ya mama mwenye mimba. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga sumu ya zebaki baharini, na mwaka 1956 ugonjwa wake ukatangazwa. Watoto wengi walizaliwa na vilema, kwa kuwa mama zao walikuwa wamekula samaki wenye sumu hiyo. Kwa hiyo mchimbaji asiyemwaga zebaki mtoni hawafanyii hisani watu wa Atlantiki peke yao. Anamlinda mtoto wake mwenyewe.

La pili ni udongo. Kila karai la udongo mwekundu liendalo na mvua ni karai la shamba lililokwenda. Makorongo ya Bunia hayakuanza siku moja, wala hayatazibwa siku moja. Lakini mstari wa majani marefu kando ya mteremko, mawe yaliyopangwa kukatiza mfereji, mti uliopandwa mahali pa ule uliokatwa kwa kuni, hivyo vyote vyaweza kufanywa na jirani na jirani bila kungoja fedha za mtu. Twajua kwamba wakimbizi wa vita waliokimbilia mjini wamekata miti kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kupikia. Amani ikipatikana, na kuni pia zitapumzika.

La tatu ni takataka. Plastiki haiozi kwa bakteria kama jani. Hukatika vipande vidogo, na vidogo zaidi, hata vikalingana na planktoni yenyewe, na mnyama mdogo wa majini asiweze kutofautisha chakula na chupa.

Wiki mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha tena. Tulimwona mvulana yule yule, suruali imekunjwa magotini, yeye na wenzake watano. Walikuwa wamesimika vijiti katika mfereji wa shule na kuvifunga kwa kamba, kama mtego wa samaki wa wazee wetu. Maji yalipita, chupa, vifuko na kandambili vilibaki. Mwalimu alituambia kwamba hakuwaagiza. Mvua ilipokatika watoto walihesabu walichonasa: chupa 43 na viatu vitatu, hakuna viwili vilivyofanana.

Tukamwuliza mvulana, “Je, sasa wajua maji haya yaenda wapi?”

Akapangusa mikono yake kwenye suruali. “Yaenda Nyamukau,” akasema, “na Shari, na Ituri, na Aruwimi, na Kongo, na bahari. Lakini haya mengine yabaki hapa.” Kisha akainama, akaivuta chupa nyingine.